Pijo Bila Karatasi

Siku ile mjinga alikuwa Fortunato. Hakuna haja ya kuzungushana. Yeye mwenyewe anakiri, tena kwa sauti, akiwa amelala chali chini ya gari la mtu, miguu tu ikionekana. "Juba hii ina wajinga wengi," husema, "lakini siku ile wote walikuwa mapumzikoni. Zamu ilikuwa yangu."

Ulikuwa mwaka sabini na tisa. Uganda ilikuwa imepinduka, na barabara ya Kaya, ile itokayo mpakani, ilikuwa ikitapika watu na vyuma: wanajeshi waliokwisha kuvua magwanda, malori yasiyo na vioo, pikipiki zinazosukumwa, matairi yanayobebwa kichwani kama mitungi. Gari likishavuka mpaka, lilikuwa halina baba wala mama. Na kila fundi wa Juba alikuwa akiota jambo moja tu, apate mzoga mmoja wa bei poa, aufufue, uwe wake.

Fortunato aliota zaidi ya wenzake. Ufundi aliusomea ukimbizini, katika gereji za Katwe, Kampala, mahali ambapo mwalimu alifundisha kwa spana, na mara nyingi spana yenyewe ilipitia kichwani. Amani iliporudi kwao, naye akarudi nyumbani na sanduku la vyuma na mdomo usiojua kufungwa. Akajenga banda la mabati mtaa wa Juba Na Bari. Miaka sita akatengeneza magari ya watu, na kila jioni akarudi kwake juu ya pikipiki kuukuu, akipigwa vumbi na magari yale yale aliyoyaponya mchana.

Mwezi wa tano akamjia mtu anayeitwa Severino. Mfupi, mcheshi, jino moja la mbele limevunjika nusu. Alisema ana bodi ya Pijo 404, pikapu, imelala nyasini ng'ambo ya daraja. Injini hakuna, viti hakuna, lakini chuma chenyewe kizima.

"Karatasi?" akauliza Fortunato.

"Vita, ndugu yangu. Karatasi zilibaki Arua. Wewe ulivuka na karatasi?"

Hapo ndipo Fortunato alipoanza kuuza akili yake. Watu waliorudi kutoka Uganda wana desturi yao, na si mbaya: wakitaka kumjua mtu, humuuliza alikaa wapi kule. Ukijibu vizuri, wewe ni ndugu, kwisha. Fortunato akavuta kopo, akakaa, akaanza kumtahini.

"Uganda ulikaa wapi?"

"Kwanza kambini Onigo. Halafu Kampala, Kisenyi."

"Kisenyi! Mama Tisa wa uji, alikuwa upande gani wa msikiti?"

"Upande gani tena? Mama Tisa alikuwa nyuma, karibu na mtaro. Na uji wake ulikuwa na mchanga."

"Ulikuwa na mchanga!" Fortunato akapiga goti lake kwa furaha. "Na ukilalamika?"

"Anakwambia mchanga ni wa bure."

Wakacheka mpaka machozi. Kwa nusu saa nzima Fortunato alimfanyia mtihani yule mtu, na yule mtu akafaulu kila swali. Gari lenyewe hakuliuliza hata moja. Alipokwenda kulitazama, aliona kwamba kibati cha namba ya chesi kimeng'olewa, matundu mawili ya ribiti yakimkodolea kama macho. Akayaona, nayo yakamwona. Akasema moyoni, vita.

Akatoa pikipiki yake na kompresa yake, vitu viwili vilivyokuwa vikimlisha, akapewa ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule, umeandikwa "Mimi Severino nimempa bodi ndugu Fortunato", na alama ya dole gumba la zambarau.

Mkewe Goretti aliutazama ukurasa ule mbele, akaugeuza nyuma, akaugeuza tena.

"Karatasi ya gari iko wapi?"

"Goretti, hata wewe nilikuoa bila karatasi."

"Baba yangu alikuwepo amekaa kwenye kiti," akasema Goretti. "Baba wa hii gari amekaa wapi?"

Fortunato akacheka. Alipenda mwanamke mwenye jibu. Hakupenda kulisikiliza jibu lenyewe.

Wiki tatu baadaye akapata injini kwa Konga, yule mzee mnene wa soko la Konyo Konyo anayeuza vyuma juu ya maturubai. Injini ya 404, imefungwa kwenye magunia. Konga alisema imetoka Kongo. Fortunato alitoa jenereta yake ndogo na jeki mbili, akaileta kwa mkokoteni, akaishusha ndani ya bodi kwa mnyororo huku akijiandaa kupigana nayo siku nzima. Haikupigana. Ilikaa. Kila tundu likakutana na bolti yake, kila bomba likafika lilipotakiwa kufika, kama mtu aliyerudi kwenye kitanda chake mwenyewe. Fundi mwingine angejiuliza. Fortunato akajisifu. Aliwaita majirani waje waone mkono wake.

Akapiga msasa, akapaka rangi ya samawati. Basi jambo lilikuwa moja na lilikuwa wazi. Kila kitu alichokuwa nacho duniani, pikipiki, kompresa, jenereta, jeki, miaka sita ya jasho, sasa kilikuwa na magurudumu manne na boneti. Likienda, ameinuka. Likimtoka, hana hata chombo cha kujazia upepo tairi la baiskeli.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane, asubuhi, akaliwasha. Goretti akapanda kando yake na kitenge kipya. Wakaenda taratibu kuelekea Konyo Konyo, dirisha wazi, kiwiko nje, Fortunato akiwasalimia hata watu asiowajua. Injini ilikuwa nzuri, ila ilikuwa na mluzi mwembamba ilipopunguziwa mafuta. Alikuwa ameutafuta mluzi ule siku nne asiupate. Akasema, basi, gari likipenda kuimba liimbe.

Sokoni wakapunguza mwendo, mluzi ukatoka.

Mwanamke mmoja aliyekuwa ameinama akichagua bamia kavu, mgongo kwao, akasimama wima. Hakugeuka mara moja. Alisimama kama mtu aliyeguswa bega na mkono anaoujua. Kisha akageuka. Alikuwa mrefu, kitambaa cheusi kichwani. Alitazama ile rangi ya samawati, uso ukasitasita. Halafu akaziacha bamia, akaja akasimama mbele ya gari, akaweka kiganja chake juu ya boneti.

"Zima," akasema.

"Mama, tafadhali, tunapita."

"Zima gari ya Albino."

"Mama, hapa hakuna Albino. Mimi naitwa Fortunato, na huyu ni Goretti, na huyu mwenye kelele ni injini."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke hakuondoa kiganja. Jina lake lilikuwa Victoria, muuza unga, na nusu ya soko ilimjua. Akaongea bila kupaza sauti, na hilo ndilo lililomtia Fortunato baridi.

"Hii ni gari ya marehemu mume wangu, Albino. Mwezi wa nne shemeji yangu alikuwa anatoka nayo Yei. Karibu na Morobo askari wanaokimbia wakamweka bunduki hapa," akagusa chini ya sikio, "wakamteremsha. Nimeisikia. Hakuna injini nyingine inapiga mluzi namna hii."

Mtu mmoja nyuma akasema neno. Halikuwa neno kubwa. "Harami." Mwizi. Mwingine akalirudia. Halafu likaanza kutembea kutoka meza hadi meza, likinenepa, harami, harami, na watu wakaacha walichokuwa wakipima.

Fortunato alizima injini. Wiki mbili tu zilizopita mtu aliyeiba baiskeli alitolewa soko lile kwenye toroli, na miguu yake haikuwa ikielekea upande mmoja. Alijua jambo hilo kwa sababu yeye mwenyewe alikuwepo, akisimulia vichekesho. Sasa mkono mmoja ulishika mlango wake kwa nje. Jiwe likagonga bati la nyuma la pikapu. Goretti akamshika paja, kucha zikapenya suruali.

"Tulia," akamwambia mkewe, na sauti ikatoka nyembamba kama ule mluzi.

Aliyemwokoa alikuwa shawishi Lomoro, yaani sajini wa polisi wa soko, mtu mkavu anayetafuna njiti ya kiberiti tangu asubuhi hadi jioni. Alipasua umati kwa fimbo yake, akaja akaegemea gari kana kwamba lilikuwa lake.

"Anayerusha jiwe lingine analala kwangu," akatangaza. Kisha kwa Fortunato: "Karatasi."

Fortunato akatoa ule ukurasa wa daftari. Shawishi akausoma polepole, njiti ikihama kutoka pembe moja ya mdomo kwenda nyingine.

"Hii ni karatasi ya gari au barua ya mapenzi?"

Sasa watu wakacheka, lakini kicheko kile hakikuwa cha kumsaidia mtu.

"Mama, wewe una karatasi?"

"Ilikuwa ndani ya gari," akasema Victoria.

"Basi wote hamna." Shawishi akatazama mahali pa kibati cha namba, akaona matundu mawili. "Mama Victoria, mluzi si ushahidi. Mimi pia napiga mluzi. Nipe kitu cha kuona kwa macho."

Victoria akafumba macho kidogo. "Nyuma ya kiti cha dereva, kwenye bati. Albino aliandika majina ya watoto kwa msumari. Kila mtoto akizaliwa, anaandika. Lado. Halafu Keji. Halafu..."

Lakini watu walikuwa wameshaanza kusukumana kwenda kuchungulia, na sauti yake ikazama.

Fortunato hakusukumana. Hakuhitaji kuchungulia. Alikuwa ameyaona majina yale mwezi wa sita, akiwa na msasa mkononi. Goretti ndiye aliyeyasoma, kidole kikifuata mikwaruzo, akasema, jamani, watoto wa nani hawa? Na yeye akajibu, wa vita, akapiga msasa, akapaka rangi mara mbili kwa sababu mara ya kwanza yaliendelea kuonekana.

Shawishi aliingiza kichwa nyuma ya kiti, akatazama, akapitisha kidole. "Samawati tupu," akasema. "Hakuna kitu."

Upepo wa soko ukageuka. Unajua jinsi unavyogeuka. Wale wale waliosema harami wakaanza kumtazama Victoria kwa jicho la pembeni. Mwanamke mmoja akasema huzuni imempanda kichwani. Mzee mmoja akasema, na kweli kila mjane sasa ataona gari la mumewe barabarani. Goretti alikuwa akimtazama mumewe. Alimtazama tu, na Fortunato akapata shughuli kubwa ya kufuta usukani.

Angenyamaza hapo, angeondoka na gari. Lakini mdomo wake, uliokuwa umekauka kwa hofu, ulipopata mate kidogo tu ukataka kufanya kazi.

"Shawishi," akasema, akishuka sasa, akinyoosha shati, "mimi namheshimu mama. Lakini tazama. Anasema ameijua gari kwa mluzi wa injini. Na injini hii haikuja na hii bodi! Bodi nilichukua ng'ambo ya daraja. Injini nilichukua hapa hapa, kwa mzee Konga, imetoka Kongo. Sasa mama anadai bodi ya kule na injini ya huku. Kesho atadai na daraja!"

Watu wakacheka, safari hii pamoja naye. Alijisikia akirudi mwilini mwake.

Victoria peke yake hakucheka. Alimtazama kwa makini sana.

"Umesema injini haikuja na bodi?"

"Haikuja, mama. Hawajuani hata kwa salamu."

"Shawishi," akasema Victoria, "fungua boneti. Kile chuma cha upande wa kushoto kinachoshika injini isianguke, kilikatika Arua. Fundi alikiunga kwa shaba, si kwa chuma. Mshono wa manjano, mrefu kama kidole. Mimi nilikaa pale kwenye ndoo nikimsubiri. Mshono mmoja uko kwenye injini. Mwenzake uko kwenye chesi, mahali pale pale, kwa sababu moto wake uliruka na fundi akaziba tundu kwa shaba ile ile. Ukiikuta yote miwili inatazamana, huyu fundi atatueleza wamejuana lini."

Kabla boneti halijafunguliwa Fortunato alikwisha kuiona. Mishono miwili, ya manjano, inayotazamana. Aliiona siku ile aliposhusha injini kwa mnyororo, akaisifu hata, akisema kumbe kuna mafundi wengine duniani wanaopenda shaba. Jasho likamtoka mgongoni, tone moja moja, likijua njia.

Boneti likafunguliwa. Shawishi akainama. Alikaa kule ndani muda mrefu. Alipoinuka, njiti ilikuwa imeanguka.

"Muiteni Konga."

Konga akaja akihema, tumbo mbele. "Mimi nauza chuma, shawishi. Mimi si padri. Siulizi chuma ilibatizwa wapi."

"Nani alikuletea injini hii?"

"Mtu tu. Mfupi. Jino la mbele nusu." Konga akafikiri. "Kiswahili chake cha Kampala, tamu sana. Nilimuuliza Kisenyi, akajua mpaka mama wa uji."

"Severino! Ndiye aliyeniuzia bodi!" likamtoka Fortunato. Ilichukua muda kidogo soko lielewe. Kisha likaelewa lote kwa pamoja. Huyu fundi, bingwa wa Katwe, alikuwa ameuziwa gari moja mara mbili, na mtu yule yule, na alikuwa amewaita majirani washangilie. Watu walishikana mabega. Mtu mmoja alikaa chini kabisa, juu ya nyanya za watu. Fortunato aliwahi kupigwa, kufungwa na kufukuzwa katika nchi mbili, lakini anasema hakuna kilichowahi kuuma kama kicheko cha wauza bamia na dagaa.

Shawishi Lomoro akapiga fimbo kwenye tairi mpaka wakatulia.

"Sikilizeni. Injini ni ya mama, nimeona. Huyu mtu hakuiba, amenunua kwa ujinga, na ujinga sina selo yake. Lakini bodi..." Akasugua kidevu. "Mshono wa chesi ni mmoja, mdogo, wakili atasema shaba ni shaba. Majina sikuona. Namba hakuna. Bodi ina ukurasa wake wa daftari. Mama, chukua injini. Fundi, baki na bodi yako, tutaonana mbele."

Fortunato akahesabu haraka, kama anavyohesabu kila mtu aliyezama akaona ubao unaelea. Bodi ilikuwa nusu ya maisha yake. Bodi, rangi, viti, matairi. Injini nyingine ingepatikana. Kilichotakiwa kilikuwa kidogo mno: asiseme kitu.

Victoria hakubishana na shawishi. Alikuwa amekwenda kwenye mlango wa dereva, ameinama, anapitisha kiganja juu ya bati lile la samawati nyuma ya kiti, juu na chini, juu na chini, akitafuta kwa vidole kile ambacho macho yalikikosa. Goretti akashuka upande wa pili. Akafunga mlango polepole, akasimama mbali na mumewe, hatua tatu hivi, kitenge chake kipya kimekunjwa mkononi.

Zile hatua tatu.

"Wani," akasema Fortunato.

Shawishi akageuka. "Nini?"

"Jina la tatu. Mama alitaja mawili, mkampigia kelele. La tatu ni Wani, liko chini kidogo, limeandikwa kwa kupinda kwa sababu bati lina mkunjo pale." Akanyoosha kidole kwenye bati. "Yalikuwepo, shawishi. Niliyasugua mimi mwenyewe. Rangi mara mbili."

Victoria hakuinua kichwa. Kiganja chake kilishuka kidogo, kikapata ule mkunjo, kikakaa pale.

"Mama," shawishi akauliza kwa sauti ndogo, "mtoto wa tatu anaitwaje?"

"Wani," akasema Victoria.

Basi ikawa imekwisha. Shawishi aliandika kwenye kitabu chake, gari lote la mama, fundi aje Jumatatu kueleza habari za Severino, Konga naye pia, na tumbo lake. Watu wakaanza kurudi kwenye meza zao. Goretti akazirudi zile hatua tatu, akasimama kando ya mumewe, akamfuta shavu kwa ncha ya kitenge, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Na hapo, kwa kuwa alikuwa hai, na mzima, na mke wake yuko karibu tena, mdomo wa Fortunato ukarudi kazini. Hata sasa hajui kwa nini.

"Lakini mama Victoria," akasema, akimkabidhi funguo, "haki nayo ni haki. Mimi sidai gari. Nadai mkono wangu tu. Miezi miwili ya kazi. Breki mpya, rangi, viti nimeshona. Tuelewane kidogo."

"Tuelewane nini?"

"Gari yako ilikuwa vipande, mama! Bodi nyasini, injini kwenye gunia. Nani aliyeiunganisha? Mimi. Kama Fortunato hayupo Juba hii, leo ungekuwa na nini?"

Wachache waliobaki wakaguna. Konga akatikisa kichwa kukubali. Hata shawishi alionekana kupima neno hilo, kwani kweli kazi ilikuwa nzuri.

Victoria alipanda, akaketi kwenye usukani, akalivuta gauni lake lisibanwe na mlango. Akamtazama fundi kupitia dirishani.

"Kama hakuna watu Juba hii wa kununua vipande," akasema, "nani angehangaika kuivunja?"